Jibu: Mwalimu wa mbwa asiyetumia fimbo, ni tapeli?

Mkuu, salama? Nimekuelewa: mwalimu aliyekuja kwako Shanty Town anatoa vipande vya nyama tu, hagusi fimbo, na unaogopa mbwa wa ulinzi atadeka.

Mimi niko Njiro, na nilianza na fimbo. Mbwa wangu alijifunza jambo moja tu: kunikimbia. Nikisema "njoo", anajibana chini ya gari.

Kabla hujalipa, muulize alijifunzia kwa nani na amefundisha mbwa wa aina gani. Halafu mwambie aje na mbwa wake mwenyewe. Mwalimu wangu alikuja na mbwa jike lake, likawa linawanyemelea kuku wa jirani, akaliita mara moja tu. Likageuka. Cheti sikuuliza tena.

Nyama yenyewe iwe ndogo kama ukucha (mimi nachemsha maini), na mbwa aipate palepale anapotii. Ukimwambia "kaa" kisha ukachelewa hata sekunde chache, ameshanyanyuka, na umemlipa kwa kunyanyuka.

Na hili si la kizungu sana: panya wa APOPO, shirika linalofundisha panya pale Morogoro, wananusa mabomu ya ardhini, na wamefundishwa kwa mlio mdogo na ndizi. Jaribu kumchapa panya uone kama atakufanyia kazi.

Ila kama mbwa wako ameshang'ata mtu, hapo uzoefu wangu umeishia. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi, awahi hospitali, nawe mwone daktari wa mifugo kabla ya mwalimu yeyote.