Yaya Anajibu: pubeli tatu, gunia moja

Yaya jambo sana. Niko L2 ya chuo kikuu hapa Bukavu, kampusi yetu sitaitaja utanielewa. Mwaka huu komite ya wanafunzi tulichanga faranga tukanunua pubeli (mapipa ya taka) tatu, ya kijani ya mabaki ya chakula, ya manjano ya plastiki, ya buluu ya makaratasi, tukapiga ata picha na wakubwa. Wiki mbili hazijaisha nikamuona papa wa usafi anamimina zote tatu ndani ya gunia moja, anaenda kutupa kwenye mfereji nyuma ya homu, bweni letu. Nilimfokea mbele ya watu. Sasa hatusalimiani. Tufanye nini resiklaji iende?
Mwenye hasira, Ibanda

Mdogo wangu, kwanza uende umuombe papa huyo msamaha, na usiende mikono mitupu, beba ata sabuni. Mulimpa pubeli tatu mukamuachia fasi moja ya kutupa, sasa angezipeleka wapi, kwako chumbani?

Watu wanaanza na rangi, mimi naanza na nani atakuja kuchukua. Kama hakuna mtu wa kuchukua, usiweke pubeli. Wiki jana nilipanda Kadutu kwa mama mmoja anayeuza mawese, ananunua chupa za plastiki kwa watoto wanaompelekea. Nilikaa kwenye kiti chake nikaangalia. Anafungua kifuniko, anaingiza pua, akisikia harufu ya mazutu (dizeli) anakurudishia chupa yako bila neno. Iliyopondwa hataki ata kuiona. Na mimi mwezi uliopita niliwaambia hapa hapa muponde chupa zichukue fasi kidogo, kumbe niliwaharibia biashara, munisamehe. Kuponda ni kwa zile zinazoenda kusagwa, za kujazwa tena lazima zibaki nzima na kifuniko chake. Kwa hiyo gunia mbili, nzima fasi yake na zilizopasuka fasi yake, na muongee na mama kama huyo mbele ya kununua gunia, si nyuma.

Chakula njo rahisi zaidi. Maganda ya ndizi, ya viazi, bugali uliolala, mfuga nguruwe anakuja mwenyewe na bidoni asubuhi, mukiweza kumuwekea bila masashe (mifuko ya plastiki) ndani, juu nguruwe akimeza sashe ni hasara ya mtu. Yakibaki, mufanye mboji: tabaka ya maganda, tabaka ya majani makavu, mugeuze mara moja kwa wiki. Ikinuka vibaya maana yake maji ni mingi, ongezeni majani makavu. Nyama na samaki msitie, mutaalika panya wa kata nzima.

Na huo mfereji nyuma ya homu, mutuambie unaishia wapi. Bukavu ni milima, kila kitu kinashuka, mvua moja ya mwezi wa kumi na moja inabeba chupa zote mpaka ziwani. Ziwa Kivu nalo lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Ruzizi, na karibu na hapo kuna bwawa la umeme la Ruzizi ya kwanza. Chupa zinakusanyika pale kama zulia, unaweza kufikiri unatembea juu yake, wafanyakazi wanazitoa na mikono na mitumbwi, zingine zinashuka chini zinasumbua mashine. Umeme unakatika mjini, unaanza kulaani, na pengine chupa ya juisi ya kampusi yenu imo.

Yaya, sisi kwenye homu masashe tunachoma tu jioni, iko mbaya? Na si serikali ilikataza masashe?
Mama Kijana, Bagira

Iko mbaya, ndiyo, ule moshi mweusi munauvuta nyinyi wenyewe na mtoto wa jirani, na plastiki za aina ya PVC, kama waya na tiyo, zikichomwa zinatoa sumu inayobaki mwilini. Marufuku ipo, ni dekreti ya tarehe 30 Desemba 2017, inakataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia. Halafu unaenda sokoni kununua sambaza, unapewa sashe nyeusi kabla ujafungua mdomo. Beba kitunga chako. Wenzetu ng'ambo ya Ruzizi, Rwanda, walizikataza tangu 2008 na kwenye mpaka wanakupekua kweli, sasa nashangaa ginsi mtu wa Bukavu akivuka anakumbuka kitunga, akirudi anakisahau.

Yaya, asista, msaidizi wa profesa, anataka TP (kazi ya kuandika) ya kurasa thelathini, upande mmoja, na plastiki ya juu. Kila wiki! Nafanyaje?
Etudia bila faranga, Kadutu

Usiende peke yako, atakukumbuka siku ya pointi. Prezida wa promosyo, yaani wa darasa lenu, aende na barua fupi aombe rekto-verso (pande mbili) na agrafe (pini) tu bila plastiki, na aseme wazi bei ya fotokopi kwa promosyo nzima, hiyo hesabu inaingia kichwani kuliko mazingira. Makaratasi ya zamani msiuze yote kwa wauza karanga: muyaloweke usiku, muyachanganye na unga wa makala unaobaki chini ya gunia, mufinyange, muanike juani siku tatu ao nne. Yanawaka polepole, maharagwe yanaiva. Majina yenu mung'oe mbele ya kuloweka, mwenzenu mmoja aliona pointi zake za sesyo (mitihani) zimebaki nzima kwenye kipande kando ya babula (jiko la makala) ya jirani.