Maswali ya magari: MG ya turubai inayouzwa Malindi

Barua nyingi za wiki hii zimezunguka gari moja: MGB ya 1966, gari dogo la michezo la Kiingereza la kampuni ya MG, la paa la turubai, inayouzwa hapa Malindi ikiwa imekarabatiwa nusu. Nimejibu zilizobeba jambo jipya.

Fundi, muuzaji anasema injini imefunguliwa na kufungwa upya, rangi ni mpya, na vimebaki vitu vidogo vidogo tu. Nichukue? (Maweni)

Injini isikushughulishe sana, kijana wangu. Ni ya silinda nne, cc 1798, na fundi yeyote mkongwe aliyewahi kushika Morris Oxford au Austin Cambridge anaijua ukoo wake. Wewe tafuta kutu. MGB haina chesisi ya peke yake; bodi ndiyo chesisi. Na kwa kuwa juu hakuna bati, kazi yote ya kulishikilia gari lisijikunje iko kwenye sakafu na yale maboksi marefu ya bati chini ya milango. Maji huingia humo yakatuama, hewa yetu ya chumvi ikamalizia, na bati likaliwa kutoka ndani huku nje rangi inang'aa.

Nenda na sumaku ndogo. Izungushie kitambaa usije ukakwaruza rangi ya watu, kisha ipitishe chini ya mlango na nyuma ya gurudumu la mbele. Isiponasa, hapo pana pati, ule udongo wa kujazia mashimo, si bati. Halafu funga mlango, utazame mwanya kati yake na bodi, na upige jeki ubavuni, pale pahali pake pa jeki. Mwanya ukibana, au mlango ukagoma kufunguka, gari limekatika kiuno. Rangi mpya hapo ni kanzu ya Idi juu ya donda.

Hivyo "vitu vidogo" navyo ni turubai na fremu yake, raba za milango, nyaya, saa za dashibodi. Kimoja kimoja si kitu. Vikishafika kutoka Uingereza na ushuru wake, ndivyo vilivyokula pesa. Mwombe muuzaji picha za bodi kabla haijapakwa rangi, na risiti. Akikosa picha, mimi ningempa bei ya gari ambalo halijaguswa. Atanuna, lakini mwache anune.

Nina MG ya 1965. Nilifungiwa redio mpya, ikaungua papo hapo. Fundi anasema redio ni feki. (Mambrui)

Redio haina kosa, dada yangu. MGB za mwanzo, mpaka 1967, zilitoka kiwandani ncha chanya ya betri ikiwa ndiyo iliyofungwa kwenye bodi. Magari ya leo ni kinyume, na redio za leo ni hivyo hivyo. Mpate fundi wa umeme anayeijua dainamo, ile inayochaji betri, aigeuze ifuate mpangilio wa leo, asiishie kupindua waya za betri. Na betri ziko mbili, za volti 6 kila moja, zimefichwa nyuma ya viti. Wengi hubadilisha moja wakaisahau ya pili. Anayeitaka ile MG inayouzwa aulize mapema kama imeshageuzwa.

Spea zipo kweli? (Watamu)

Zipo kuliko unavyodhani. MGB ilitengenezwa tangu 1962 hadi 1980, zaidi ya laki tano, na tangu 1988 hata bodi nzima mpya inauzwa Uingereza. Wasiwasi wangu ni spana. Nati zake ni za inchi. Nati ya nusu inchi ni milimita 12.7, fundi akiivamia na spana ya 13, ikiwa imeshikwa na kutu, anaila kona. Nunua seti yako ya inchi, uiweke butini.

Nikilinunua nitalitembeza Lamu? (Langoni, Lamu)

Ndugu yangu, vichochoro vya Langoni wavijua kuliko mimi. Litaishia Mokowe, gatini huku bara.

Mjomba yuko Marekani, huko MGB ni tele. Si bora aniletee moja? (Shela, Malindi)

Za Marekani nyingi usukani uko kushoto, na Kenya haisajili gari la kawaida la namna hiyo. Juu ya hilo, gari kuukuu lililopita miaka minane haliingii. Ndiyo maana lililokwisha kusajiliwa humu nchini lina thamani hata likiwa nusu. Ila hakikisha kitabu cha gari kina jina la huyo anayekuuzia, na uhamisho ufanyike kwenye mtandao wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kabla hujamaliza kulipa. Namba ya chesisi isome kwa macho yako kwenye kibati chake, chini ya boneti, na ya injini kwenye injini yenyewe. Injini iliyofunguliwa, mara nyingine si ile iliyozaliwa na gari. Hilo si dhambi, mradi kitabu kinalijua.