"Hongera malenga" siyo jibu: maswali yenu ya mashairi

Maswali ya safari hii ni mengi na mengi yanafanana, watu wanatumiana mashairi kwenye simu kuanzia hapa Kigoma mjini mpaka Kasulu, Kibondo na kule Urambo, na kila mmoja anataka kujua wenzake wamelionaje la kwake. Nimechagua machache. Waliotuma "naomba shairi la harusi" wasisubiri, hapa hatutungi kwa oda.

Nimetunga shairi la beti sita nikawatumia jamaa zangu, wote wamejibu "hongera malenga" na makofi mengi. Sasa naweza kutafuta mtu wa kunichapia diwani, kitabu cha mashairi yangu? (Mwanga, Kigoma)

Bado ndugu yangu. Hongera ya namna hiyo haina habari yoyote ndani yake, mtu anaweza kuiandika bila kufungua shairi lenyewe, ni sawa na kusifia samaki mgebuka ukiwa bado umefungwa kwenye gazeti. Na wewe hukuambiwa hata mstari mmoja uliowagusa, sasa utajuaje wamesoma?

Fanya hivi. Chagua wawili kati yao, waulize ni mstari upi umebaki kichwani, bila kurudi kuangalia. Kama hakuna uliobaki basi ujue shairi limepita kama salamu. Halafu mpe mmoja alisome kwa sauti wewe ukiwa umekaa kimya, usimsaidie, sikiliza wapi anajikwaa. Pale anapojikwaa mara nyingi mizani, yaani idadi ya silabi za mstari, imezidi au imepungua, au umelazimisha neno lisilokuwa lako ili tu upate kina, ile silabi ya mwisho inayofanana na wenzake. Hapo ndipo pa kurekebisha kabla ya diwani.

Na kwa vile umegusia kuchapa, tahadhari: akitokea mtu anakwambia tanguliza hela ndiyo akuchapie, muulize kwanza anachapa nakala ngapi, nani atauza, na haki inabaki kwa nani, tena akuandikie kwenye karatasi. Wako watu wameuza mbuzi kwa ajili ya diwani halafu maboksi yamelala chini ya kitanda.

Shairi lisilo na vina wala mizani ni shairi? (Kasulu)

Hili linarudi kila mara jamani. Wazee waligombana sana juu yake miaka ya 1970, mshairi Kezilahabi alitoa diwani yake Kichomi mwaka 1974 na moto ukawaka kati ya wanamapokeo walioshika vina na mizani na wanamapinduzi walioviacha, leo hii mashairi huru yanasomwa mashuleni. Jibu ni ndiyo. Ila kukata sentensi ya kawaida vipande vipande na kuipanga kwenda chini hakuifanyi kuwa shairi, na anayekimbia vina kwa sababu vimemshinda aseme tu vimemshinda, asijiite mwanamapinduzi.

Neno "mbali" lina mizani ngapi? Jamaa kanisahihisha mbele za watu. (Tabora)

Mbili, mba-li. "Mtu" nayo mbili, m-tu, kwa sababu pale m inasimama peke yake. Tamka kwa mdomo, acha kuhesabu herufi kwa macho.

Shairi linatakiwa beti ngapi? (hawa ni wengi)

Hakuna idadi. Ukishasema ulichokuwa nacho, ishia hapo.

Shairi langu linaanza hivi: "Mvuvi wa Kibirizi, karabai inawaka / Mwezi mpevu azizi, juu ziwani wacheka". Watu wamelipenda sana ila mzee mmoja wa Katonga kasema nimeandika uongo, hakufafanua. Mizani nimehesabu, nane kwa nane. Kosa liko wapi? (Gungu)

Mizani yako imekaa, vina vimekaa, na huyo mzee amekusoma kuliko wote waliokupongeza. Dagaa wa Ziwa Tanganyika anavuliwa kwa taa usiku wa giza. Taa inamvuta, anakusanyika chini ya mtumbwi, wavu unapandishwa. Mwezi ukiwa mpevu mwanga umeenea ziwa zima, dagaa hana sababu ya kuifuata taa yako, kwa hiyo wavuvi wanapumzika. Nenda mwalo wa Kibirizi kwenye mbalamwezi uone mitumbwi ilivyopangwa, watu wanashona nyavu, wengine wanalala mchana na usiku. Wewe umewasha karabai na mwezi mpevu juu yake, mtu wa ziwani akifika hapo anaacha kukuamini na beti zilizobaki hazisomi kwa moyo.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba walioshangilia hilo shairi ni watu wa Kigoma hii hii, watu wanaokula hao dagaa na wanajua kabisa bei inavyopanda siku za mwezi! Wanajua sokoni lakini wakifika kwenye shairi wanaweka ujuzi wao pembeni, kama vile shairi ni kitu cha watu wengine. Msomaji wa shairi analeta maisha yake yote pale. Kama unajua dagaa, soma kwa hiyo elimu. Kama unajua mawese, au chumvi ya Uvinza, au treni ya reli ya kati inavyochelewa, leta.

Sasa usilifute shairi. Huo ukweli wa mbalamwezi ni mzuri kuliko uongo wako. Jaribu hivi, vina vyako vilevile: "Leo kuna mbalamwezi, karabai yazimika". Hapo tayari una nyumba ambayo wiki hii haina hela, mama anakopa unga, mvuvi anauangalia mwezi ambao washairi wote wanausifia na yeye anausubiri uondoke. Hilo ndilo shairi ambalo mtu wa Gungu anaweza kutunga na mtu wa mbali asiliweze. Na kamshukuru huyo mzee, ukimpata mkae akueleze mengine.

Nilitunga nikiwaambia vijana waende Dar kutafuta maisha, jamaa mmoja akanijibu kwa shairi kwamba wabaki, kanitukana mimi na mama yangu. Nimjibuje? (Kibondo)

Kujibiwa shairi kwa shairi ni heshima, hayo ndiyo malumbano, na ni ya zamani mno. Enzi za Muyaka, mshairi wa Mombasa wa karne ya 19, Mombasa na Lamu walikuwa na uhasama wa kweli kabisa na walitupiana mashairi yenye makali ambayo mpaka leo watu wanayasoma. Kwa hiyo ukali peke yake siyo kosa. Kosa ni mama.

Mjibu, tena kwa bahari ileile aliyotumia, yaani aina ileile ya shairi, na ukiweza chukua vina vyake au kipokeo chake, ule mstari anaourudia kila ubeti, ukigeuze kimrudie. Hiyo ndiyo inaonyesha umemsoma. Chambua hoja yake: yeye anasema vijana wabaki, haya, wabaki wafanye nini, shamba liko wapi, mtaji uko wapi, mbane hapo. Tusi la mama liache lilivyo, wasomaji wataona wenyewe nani ameishiwa. Na mwambie, au mtu amwambie, kwamba matusi ya kwenye simu siyo mchezo, Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo toka 2015 na kisingizio cha "nilikuwa natunga" hakitamsaidia polisi.

Nyie wengine mliokuwa mnashangilia lile tusi, mnaua malumbano. Watu wenye hoja wanaona aibu wanakaa kimya, wanabaki wenye midomo tu.

Shairi langu limezunguka bila jina langu, sasa kuna mtu anajiita mtunzi. Mimi sikulisajili popote. (Uvinza)

Haki ni yako toka ulipolitunga, Sheria ya Hakimiliki ya 1999 haikudai usajili ndiyo uwe mtunzi. Shida yako ni ushahidi. Tafuta ujumbe wa kwanza ulioutuma wenye tarehe, daftari uliloandikia, watu uliowasomea kabla yake. Ukiona limefika mbali linaingiza hela nenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Na kuanzia leo weka jina lako mwisho wa shairi, tena wako wanaoliingiza jina ndani ya ubeti wa mwisho kama wazee walivyofanya, hapo mwizi inabidi avunje vina ili akufute.

Na ninyi mnaosambaza! Unakata jina la mtunzi halafu unaandika "nimelipenda hili". Kama umelipenda mbona unamwibia?

Naweza kuongeza mistari yangu kwenye shairi la mwenzangu? (Urambo)

Muombe, akikubali onyesha wazi ipi yake ipi yako. Shairi la kale liitwalo Takhmisa ya Liyongo lilipatikana hivyo, mshairi wa baadaye aliongezea mishororo yake juu ya maneno ya wa kale, na watu wanajua kila mmoja sehemu yake.

Hizo sheria za vina na mizani aliziweka nani? Mbona zinatoka Pwani na sisi wa bara tunaburuzwa nazo? (Kasulu tena)

Hapa naomba usome historia ya kwenu kidogo. Aliyeziandika sheria hizo kitabuni ni Sheikh Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, mkoa wenu huu huu wa Kigoma. Kitabu chake, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kilitoka mwaka 1954. Wengi mnalijua jina lake kwa sababu ya uwanja wa mpira Arusha, na mnapita Ujiji kila siku bila kujua. Hujaburuzwa na mtu, hii ni mali yako pia, ikatae au ikubali ukiwa umeisoma.

Rafiki yangu alimtungia mama yake shairi la maombolezo, wiki ileile ya msiba. Nilimjibu kwamba ubeti wa tatu vina vya kati vimepotea. Amenuna mpaka leo. Si mlitufundisha tuwe wakweli? (Ujiji)

Dada yangu, ulisema kweli kwa mtu ambaye hakuwa amekuuliza vina. Shairi lile lilikuwa limekaa kwenye mkeka pamoja na wafiwa. Kuna shairi linaletwa ili lipimwe na kuna linaletwa kwa sababu mtu kashindwa kulia zaidi, na msomaji anatakiwa ajue tofauti kabla hajafungua mdomo. Hapo jibu ni pole, na kama unataka kuonyesha umelisoma basi unamtajia mstari mmoja, unasema huu nimeuona mama yako kabisa. Inatosha kabisa.

Tena nina shaka na hilo kosa lenyewe. Mtu akiwa na uchungu anavunja vina bila kupenda, na mara nyingine ubeti uliovunjika ndio unaobeba msiba wote, nyie mkiushona unabaki msafi na umekufa. Sijauona huo wa tatu kwa hiyo sitahukumu, lakini ningeusoma mara nyingi kabla sijaugusa.

Usimtumie ujumbe wa kuomba radhi, nenda nyumbani kwake, kaa naye, mzungumzie marehemu na siyo shairi. Arobaini ikishapita, yeye mwenyewe akilileta na kukuuliza uonaje, hapo mwambie vina.