Kasida inavuma, kosa liko wapi?

SWALI: Assalamu alaikum. Tumerekodi kasida za chuo chetu kwa miksa na laptopu. Chini ya sauti mna mvumo mzito usiokatika, hasa msomaji anapovuta pumzi. Nimeusafisha kwa kile kipengele cha kupunguza kelele cha Audacity, programu ya kuhariri sauti, sasa wasomaji kama wamezama majini. Nifanyeje?
Msomaji, Wete, Pemba

JIBU: Waalaikumu salaam. Rudi kwenye faili la mwanzo, hilo ulilolisafisha liache.

Mvumo huo ni umeme. Wa kwetu ni wa hezi 50, yaani hutetema mara 50 kwa sekunde, kwa hiyo utaukuta kwenye 50 na maradufu yake: 100, 150, 200. Chagua sekunde 2 au 3 ambazo hakuna anayesoma, fungua mchoro wa spektra (Plot Spectrum), unaoonyesha nguvu ya sauti kwa kila hezi, weka ukubwa (Size) 65536, usome vilele vimesimama wapi. Mkiwa mlitumia jenereta, huenda ukaona 48 au 52, basi fuata mchoro, usikisie.

Halafu tumia Notch Filter, kichujio kinachotoboa tundu kwenye hezi unayoitaja, kilele kimoja kimoja, Q ikiwa 30 (Q ikipanda, tundu huwa jembamba), na usikilize kwa hedifoni kila baada ya hatua. Kwenye 50 usiogope, sauti ya mtu haishuki huko. Kuanzia 100 ndimo walimo wanaume, kwa hiyo tundu liwe jembamba. Lakini Q ikizidi mno, kila pigo la dufu litaacha mkia unaolia. Kilele usichokisikia kiache. Mabaki yapunguze kwa kile kipengele chako, desibeli 6 basi. Ukifika 20 ndipo watu wanapozama.

Safari ijayo, kabla ya kurekodi, chomoa chaja ya laptopu. Mvumo ukifa, kosa ni ethi, yaani waya wa kwenda ardhini, kupita njia mbili: ya miksa na ya laptopu. Rekodini kwa betri, au miksa na laptopu zichomekwe ekstensheni moja. Ikishindikana, wekeni transfoma ya kutenga (isolation) kwenye waya wa sauti kati ya miksa na laptopu. Mvumo ukibaki, tazama waya za maiki: zisilale sambamba na za umeme, na zikikutana zikatane msalaba.

Wapo wanaokata pini ya ethi. Mvumo huondoka kweli, ila siku miksa ikipata hitilafu, bodi yake ya chuma na maiki hubeba volti 230, na maiki iko mdomoni mwa mtoto.