Una Green Card (kibali cha ukaaji wa kudumu Marekani, si uraia), karani wa leseni ya udereva anakuuliza kama unataka kujiandikisha kupiga kura

Ndugu, jibu hapana. Kwenye majimbo mengi karani huuliza kila anayekuja kwa leseni, kwa sababu ya sheria ya shirikisho ya 1993 ya kuandikisha wapiga kura. Hajakagua uraia wako, wala swali lake si ruhusa. Hatari iko kwenye kile kisanduku cha “mimi ni raia wa Marekani”. Ukikitia alama na kusaini, umedai uraia usio wako, na unaweza kufukuzwa nchini hata kama hukugusa karatasi ya kura. Fomu N-400 ya kuomba uraia inauliza wazi kama uliwahi kujiandikisha. Ikiwa umeshasaini, muone wakili wa uhamiaji kabla hujaandika barua ya kufuta jina. Kuchangia fedha za kampeni, ajabu yake, sheria ya shirikisho inakuruhusu.