Kuachia kanisa, shule au shirika mali kwenye wosia: maswali ya wasomaji

Majibu haya yanafuata Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160. Swali la Mwislamu tumelijibu kando, kwa kuwa mirathi yake hufuata sheria ya Kiislamu.

*Nina ekari mbili Machakos, na moja nataka iende kwa kanisa letu nikifa. Wosia nimeuandika kwa mkono wangu. Pasta na mkewe wamekubali kuwa mashahidi. Unatosha?*

Kuuandika mwenyewe si tatizo. Sheria haidai wakili wala muhuri, bali sahihi au alama yako na mashahidi wawili. Kila shahidi awe amekuona ukitia sahihi, au umemwambia mwenyewe kwamba sahihi ile ni yako, kisha naye atie yake mbele yako.

Mashahidi uliowachagua ndio wanaotutia wasiwasi. Zawadi anayoachiwa shahidi, au mume au mke wa shahidi, ni batili isipokuwa wosia una mashahidi wengine wawili wasio na maslahi. Ukiandika "kwa Pasta fulani, kwa ajili ya kanisa", wengine watasema umempa yeye, na ekari hiyo itagombaniwa mahakamani. Tafuta mashahidi wasiohusika, kwa mfano jirani na mwalimu mstaafu.

Kisha angalia jina. Ushirika wa mtaa mara nyingi haumiliki ardhi. Hati huwa kwa jina la wadhamini waliosajiliwa wa kanisa zima, yaani wanaoshika mali kwa niaba yake. Omba jina hilo lilivyo kwenye cheti cha usajili, ulinakili neno kwa neno: "Nawaachia wadhamini waliosajiliwa wa kanisa la … ekari moja, upande wa barabara, kutoka shamba nambari …, kwa matumizi ya ushirika wa …."

Limebaki la kugawa shamba. Ardhi inayorithishwa kwa wosia haihitaji kibali cha bodi ya ardhi, ila pale hati moja inapokatwa kuwa mbili au zaidi. Yako itakatwa, kwa hiyo andika gharama za mpimaji na kibali zitatoka fungu gani. Ukiweza, gawa shamba sasa ungali hai. Familia nyingi hukwama hapa miaka na miaka kwa kukosa pesa za mpimaji tu.

*Niandike kiasi cha pesa au asilimia?*

Asilimia. Shilingi 500,000 zinaweza kuwa kidogo mno baada ya miaka 20. Au ugonjwa ukala akiba, zikalipwa hizo kwanza na wanao wakabaki na makombo. Andika hivi: "Asilimia 10 ya kitakachobaki baada ya kulipa gharama za mazishi, madeni na gharama za mirathi." Ukitaja kitu mahususi, tuseme gari, kisha ukakiuza, zawadi hiyo imekufa, msimamizi wa mirathi hatakiwi kutafuta kingine badala yake.

*Nataka kusaidia makao ya watoto yatima yaliyo karibu nasi.*

Nia njema, lakini mkakati wa serikali wa 2022 hadi 2032 unalenga kuwarudisha watoto kwenye familia, na makao yanapunguzwa. Huenda siku wosia ukisomwa hayapo tena. Taja mpokeaji wa pili: "Ikiwa makao hayo yamefungwa, fungu hili liende kwa …", na useme lengo lako, kama vile karo za watoto yatima wa kata fulani.

*Mimi ni Mwislamu, Mombasa. Naweza kuusia msikiti nyumba yangu?*

Unaweza, mradi isizidi thuluthi ya kinachobaki baada ya mazishi na madeni. Kikibaki 2,400,000, mwisho wako ni 800,000. Kinachozidi hapo kinahitaji ridhaa ya warithi baada ya kufa kwako, na ridhaa waliyokupa ukiwa hai haiwafungi. Kama nyumba ndiyo mali yako kubwa, fikiria kuiweka wakfu, yaani kuitoa moja kwa moja kwa ajili ya msikiti, ungali na afya yako. Wakfu wa namna hiyo haubanwi na thuluthi. Uliowekwa katika maradhi ya mauti unabanwa.

*Watoto wangu wanaweza kuupinga wosia wangu?*

Ndiyo. Mke, mume na watoto wanaweza kuiomba mahakama iwatengee fungu la kutosha, mradi waombe kabla mahakama haijathibitisha hati ya usimamizi, ile inayompa msimamizi mamlaka juu ya mirathi. Jaji atatazama mali yote, mahitaji yao, na uliyowapa ukiwa hai. Ndiyo maana tunashikilia watengewe wao kwanza, tena kwa majina, na sababu za mgao ziandikwe ndani ya wosia. Waambie mapema pia. Sadaka inayogunduliwa matangani huzaa kesi.

*Wosia wangu nimewaambia ndugu zangu wawili kwa mdomo. Bado niandike?*

Andika. Wosia wa mdomo mbele ya mashahidi wawili hufaa ukifa ndani ya miezi mitatu. Baada ya hapo hauna nguvu, isipokuwa kwa mwanajeshi aliye kazini. Na ukioa au kuolewa, hata ulioandikwa hufutika, ila kama uliandikwa kwa kutazamia ndoa hiyo na mtu aliyetajwa.

*Je, hisa zangu za Sacco?*

Hulipwa mtu uliyemjaza kwenye fomu ya uteuzi, hata wosia useme vingine. Nenda ofisini, omba fomu mpya, uliza kama wanakubali kuandikisha shirika.