Maneno ya Kiingereza ya angani na hali ya hewa: toka nje kwanza, daftari baadae

Habari zenu wadau. Juzi binti wa dada yangu kaniletea daftari lake la jiografia, yuko form one hapa hapa Mwanza, kamaliza la saba akisoma kwa Kiswahili sasa ghafla kila kitu ni Kiingereza, nikafungua ukurasa wa kwanza nikaona ni kama lile lile langu la miaka ile, maneno kushoto maana kulia, sun jua, moon mwezi, star nyota, cloud wingu, mpaka chini kabisa. Kayakariri yote, ukimuuliza moja moja anajibu bila kukosea. Nikamwambia haya, angalia dirishani, niambie unaona nini nje kwa Kiingereza. Akanyamaza. Na nje kulikuwa na kila kitu jamani, wingu jeusi limekaa juu ya ziwa, upepo umeanza kugeuza majani ya mwembe, jirani anakimbia kuanua dagaa wake, yaani nusu ya daftari lile ilikuwa pale nje inamsubiri.

Nimeamua kuandika hii kwa ajili yake na kwa wengine wote mlio kwenye hali hiyo, na wazazi pia.

Mimi nilichokikosa kwenye mtihani wangu wa kwanza wa jiografia ni new moon. Niliandika ni siku ile mwezi unawaka wote, maana kichwani kwangu new ni kitu kipya na kitu kipya kinang'aa. Nikakatwa. Nikaenda nyumbani nimenuna, na aliyenisaidia sio mwalimu wala kamusi, ni mjomba wangu ambaye Kiingereza hajui hata salamu ila ni mvuvi wa dagaa. Wavuvi wa dagaa wanaujua mwezi kuliko mtu yeyote, kwa sababu dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, zamani karabai saivi taa za sola na betri, na mbalamwezi ikiwaka ile taa haina nguvu, dagaa hawakusanyiki. Kwahiyo kuna siku za giza watu wanakesha ziwani na kuna siku za mbalamwezi boti zinavutwa mwaloni, pale ufukweni zinapoegeshwa, watu wanashona nyavu. Mjomba akanichorea kwenye mchanga kwa kijiti. Hapa mwezi haupo kabisa, ndio giza lenyewe, hapa umekuwa kama ukucha, hapa nusu, hapa umejaa, halafu unaanza kuliwa mpaka giza tena, siku ishirini na tisa na nusu hivi mzunguko umeisha. Mi nikawa naandika pembeni ya kila mchoro, new moon kwenye giza, crescent kwenye ule ukucha ambao watu wanautafuta kufunga na kufungua Ramadhani, half moon, full moon. Sijawahi kusahau tena tangu siku ile, na mpaka leo nikipita Mwaloni Kirumba nikaona boti nyingi zimepumzika nasema full moon hiyo.

Ushauri wangu mkubwa ndo huo hapo. Kabla hujatafuta neno la Kiingereza tafuta mtu anayekijua kile kitu kwa Kiswahili au kwa Kisukuma au Kikerewe, mvuvi, mkulima, bibi yako, akueleze vizuri mpaka ukione, halafu ndo ubandike neno. Ukibandika neno kwenye kitu usichokijua halishiki.

Kuna sehemu inayotuangusha wengi, nayo ni pale Kiswahili tuna neno moja wenzetu wana mawili. Mwezi ni huo huo wa angani na ni huo huo wa mshahara, Kiingereza wa angani ni moon, wa kalenda ni month, nimeshaona mtu kaandika nitakulipa mwisho wa moon. Mbingu pia. Ile ya kanisani na msikitini ni heaven, hii ya bluu unayoiona ukiinua kichwa ni sky, na kule mbali kwenye sayari, juu kabisa ya hewa, ni space, wengi wanaihesabu kuanzia kilomita 100 kwenda juu. Tena hiyo space ndo ile ile ya nafasi, simu yako ikijaa inakuandikia hauna space, kwahiyo ukiikumbuka simu umeikumbuka na anga. Barafu ya kwenye friji ni ice, ile inayodondoka nyepesi kama unga na kukaa juu ya Kilimanjaro ni snow, sisi tunasema theluji ila wengi mtaani wote ni barafu tu. Mvua ya mawe ni hail, wala usiweke stone peke yake watakushangaa.

Radi ndo niipendayo kufundisha. Sisi tunasema radi imepiga tunamaanisha mwanga na mlio kwa pamoja, Kiingereza mwanga ni lightning, mlio ni thunder. Na uandishi wake uangalie, lightning haina e katikati, ukiweka e inakuwa kupunguza uzito. Sasa huku kwetu hatuna shida ya mifano, usiku maji ya ziwa yanabaki na joto kuliko nchi kavu, hewa ya juu ya maji inapanda, mawingu yanajijenga huko katikati ya ziwa na ngurumo za usiku ndo zinatokea huko. Mimi na huyu binti tunafanya hivi, tukiwa ndani mlango umefungwa, mwanga ukipiga dirishani mmoja anasema lightning, tunaanza kuhesabu kwa Kiingereza one, two, three, polepole kwa sekunde, mlio ukifika tunasema thunder. Ile namba gawanya kwa tatu unapata kilomita, sauti inatembea kilomita moja kwa sekunde tatu hivi. Juzi tulifika nine, kwahiyo radi ilikuwa kilomita tatu. Ilivyorudi mara ya pili tukafika four tu, akanishika mkono akasema it is coming, na hakuna aliyemfundisha hiyo sentensi, ameijenga mwenyewe. Nilifurahi sana. Ila tafadhali msihesabu mkiwa uwanjani au ndani ya mtumbwi, ingieni ndani kwanza.

Halafu usijifunze neno bila kitendo chake. Sisi mvua inanyesha, upepo unavuma, jua linachomoza na linazama, kila kitu na kitendo chake, na Kiingereza vivyo hivyo, the wind blows, the sun rises, the sun sets. Isipokuwa mvua, mvua wao wanasema it is raining, hiyo it haina mwenyewe, usiitafute ni nani, na usiseme the rain is raining hata kama Kiswahili kinakuvuta huko. Manyunyu ni it is drizzling. Jua likiwa kali mchana sema the sun is hot inatosha kabisa.

Upepo nao una mtego. Wavuvi wa tanga wanajua mchana upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu na usiku unageuka, unatoka nchi kavu kwenda ziwani. Kiingereza upepo unaitwa kwa kule unakotoka, kwahiyo ule wa usiku ni land breeze kwa sababu unatoka nchi kavu, sio kwa sababu unaenda huko, na ule wa mchana ni lake breeze, kwenye vitabu mtaukuta sea breeze kwa sababu wameandika kwa mfano wa bahari. Wanafunzi wengi wanaugeuza huo. Simama ufukweni jioni na asubuhi sana, sikia upepo unapiga uso au kisogo, utajibu mwenyewe.

Na watu wa kanda yetu tuambiane ukweli, r na l zinatuchanganya. Lake ikiwa rake inakuwa reki ya kukusanyia majani, na rain ikiwa lain hakuna atakayekuelewa. Dawa yake ni kusema kwa sauti, mimi nilikuwa nasema rain on the lake, rain on the lake, nikichota maji, mara ishirini kila asubuhi. Na island, kama Ukerewe, ile s haitamkwi, ni ailandi.

Sayari zina njia nzuri kupitia siku za wiki. Sunday ni siku ya jua, sun, Monday ina moon ndani, Saturday ina Saturn, yaani Zohali. Zuhura ni Venus, Mirihi ni Mars, Mushtarii ni Jupiter. Kuna miezi Zuhura inaonekana jioni jua likishazama upande wa magharibi kule Kamanga, na kuna miezi inaonekana alfajiri, inawaka kuliko nyota zote na haipepesi, wazee wanaiita nyota ya asubuhi ila kwa Kiingereza cha darasani usiandike star, ni planet. Na kama unatumia kitabu cha zamani cha kaka yako kitakwambia sayari ni tisa, tangu 2006 zinahesabiwa nane, Pluto imewekwa kwenye kundi la sayari kibete, dwarf planet.

Majina ya milima, mito, miti na wanyama siandiki sana hapa, hayo mtayapata kirahisi. Ila rock na stone mzitofautishe, stone unaweza kuirusha, rock ni kama yale mawe yetu ya Bismarck, ndo maana mji unaitwa Rock City.

Cha mwisho, utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Usome kila siku, wa Kiswahili kwanza halafu uutafute wa Kiingereza, maneno ni yale yale yanarudi, partly cloudy, thunderstorms, light rain, strong winds, ndani ya wiki mbili umeyazoea. Jioni mnakaa nje mnaangalia kama kilichoandikwa kimetokea. Binti kaanza jumatatu, kaandika kwa penseli ukutani jikoni. Jana utabiri ulisema partly cloudy na kweli mawingu yalikuwa nusu nusu. Leo asubuhi kabla sijaamka kanigongea mlango, mama mdogo amka, fog on the lake, kisiwa cha Saanane hakionekani.